Mstari umeupenda, sasa unaufanyaje? Mwongozo wa kuliishi Neno siku hadi siku

Wapendwa, nimeamua niandike haya mahali pamoja manake maswali ni yaleyale kila wiki. Mtu ameokoka juzi, au yuko kanisani miaka na miaka, anauliza "nasoma Biblia kila asubuhi lakini mchana nakuwa mtu yuleyule, nakosea wapi?" Mwingine anauliza "nitajuaje huu mstari ni wangu au walikuwa wanaambiwa Waisraeli tu?" Na mwingine anataka tu aambiwe aanzie wapi. Ni maswali mazuri na yanajibika, kwa hiyo sitaingia kwenye thiolojia ndefu, naenda moja kwa moja kwenye namna ya kufanya.

Jambo lenyewe ni hili: mstari haujaingia kwenye maisha yako mpaka umegeuka kuwa tendo, tendo lenye mtu na lenye saa. Kuupenda bado. Kuuweka stetasi bado. Hata kuukariri, bado hujafika. Yakobo 1:22 inasema "iweni watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, hali mkijidanganya nafsi zenu", na angalia hapo mwisho, anayedanganywa ni wewe mwenyewe, wengine wanakuona vizuri tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Biblia unayoielewa. Union Version ndiyo wengi tumekaririshwa nayo na mistari yote nitakayonukuu hapa nimeitoa humo, ila Kiswahili chake kikikuzidi weka Habari Njema, ile tafsiri ya Kiswahili chepesi, pembeni usome mstari huohuo kote kuwili. Ya karatasi au ya kwenye simu zote sawa, lakini kama ni simu zima data kwanza, usipozima utajikuta unasoma meseji.
- Daftari na kalamu. Lolote, hata kurasa zilizobaki za daftari la zamani.
- Dakika kama 20 za utulivu siku ya kwanza, baada ya hapo dakika 5 kila siku zinatosha.
- Mtu mmoja unayemwamini ambaye hatatangaza mambo yako.
- Jambo moja la kweli linaloendelea kwenye maisha yako sasa hivi. Deni, ugomvi na ndugu, hofu ya intavyuu, mtoto asiyesikia, hasira kazini. Bila hili utakuwa unafanya zoezi la darasani tu.

Kwa wanaoanza nashauri wiki moja mstari mmoja. Najua kuna watu wanasoma sura tatu kwa siku na ni vizuri sana, endelea kusoma sura zako, lakini wa kuufanyia kazi uwe mmoja.

1. Chagua mstari kwa kusoma, usichague kwa kufumba macho

Ule mtindo wa kufungua Biblia popote, kidole kikishaangukia unasema "Bwana amenipa neno", uache. Sisemi Mungu hawezi kusema na mtu hivyo, nasema huwezi kukua hivyo. Chagua kitabu kimoja kifupi na ukisome chote mpaka mstari mmoja ukukamate. Kama hujui pa kuanzia, anza na Yakobo, ina sura 5 tu na karibu kila aya inagusa maisha ya kawaida, ulimi, pesa, upendeleo, mipango ya kesho. Au Waefeso sura ya 4 mpaka ya 6. Au Mathayo 5 mpaka 7, yale mahubiri ya mlimani. Mithali nayo nzuri, ina sura 31 na wengi wanasoma sura moja kwa kila tarehe ya mwezi, ila Mithali ina namna yake ya kusomwa, nitaisema kwenye hatua ya 3.

Mstari utakaokukamata mara nyingi siyo ule mtamu. Ukiona umesoma mahali ukajisikia kama unataka kuruka uende mbele, simama hapohapo.

2. Soma kilichotangulia na kinachofuata

Hii hatua watu wanairuka sana na ndiyo inazaa makosa karibu yote. Kumbuka Paulo hakuandika "nne kumi na tatu", alikuwa anaandika barua. Namba za mistari ya Agano Jipya tulizonazo leo aliziweka mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551, zinasaidia kutafuta mahali lakini zinatufanya tukate sentensi vipandevipande na kila kipande tunakitembeza peke yake.

Mfano unaojulikana na kila mtu, Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu". Unasikia watu wakiutumia kwenye mtihani, kwenye biashara, kwenye mechi. Sasa rudi mistari miwili nyuma, Paulo anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Na barua hii aliiandika akiwa kifungoni. Kwa hiyo "mambo yote" hapo ni pamoja na kulala njaa bila kumwacha Kristo. Mstari haujapungua nguvu, umeongezeka! Manake sasa unakufaa hata wiki ile uliyofeli mtihani, ambapo ule unaochapwa peke yake kwenye fulana ungekuacha peke yako.

Mwingine ni Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya". Huo ulikuwa kwenye barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Sura iliyotangulia, ya 28, kuna nabii anaitwa Hanania aliwaambia miaka miwili tu mambo yatakuwa yameisha, Yeremia akasema hapana, na kwenye 29:10 inatajwa miaka sabini. Miaka sabini! Maana yake wengi waliosikia barua ile ikisomwa wangefia kulekule. Na wakati wanasubiri wakaambiwa wafanye nini? Mstari wa 5 na wa 7, wajenge nyumba wakae, wapande bustani, wauombee amani ule mji uliowateka. Ukiusoma hivyo, tendo linajitokeza lenyewe: mahali ulipo ambapo hupapendi, ile kazi au ule mtaa unaousubiria tu uondoke, panda kitu hapo, na uanze kupaombea.

Kipimo rahisi: soma walau mistari kumi juu na kumi chini. Kama ni barua fupi soma barua nzima, Wafilipi unaimaliza kwa dakika kumi na kitu hivi.

3. Tambua ni maneno ya aina gani

Hapa nitakaa kidogo, manake ndiyo jibu la lile swali la "huu ni wangu au siyo wangu". Siyo kila sentensi ya Biblia inafanyiwa kazi kwa namna moja. Jiulize, hii ni nini?

*Ni amri?* Basi itii, lakini angalia kwanza aliambiwa nani. Kuna amri za mtu mmoja kwa siku moja, kama Nuhu kujenga safina, na kuna za agano la kale kama dhabihu za wanyama ambazo kitabu cha Waebrania kinaeleza zimetimia katika Kristo. Halafu kuna zile walizoandikiwa waumini wote, "mkasameheane", "msiambiane uongo", "neno lo lote lililo ovu lisitoke vinywani mwenu". Hizi usizizungushe, hazihitaji ufunuo wa ziada.

*Ni ahadi?* Angalia kama ina sharti na inahusu nini. Wafilipi 4:6-7 inaahidi amani ya Mungu itakayohifadhi mioyo yenu, kwa mtu anayepeleka haja zake kwa kusali na kuomba pamoja na kushukuru. Haisemi haja itajibiwa kesho, inasema amani. Watu wengi wamekata tamaa kwa kumdai Mungu kitu ambacho mstari haukukitaja kabisa.

*Ni mithali?* Mithali inaeleza jinsi mambo yanavyokwenda kwa kawaida kwa mtu mwenye hekima, siyo mkataba wenye sahihi. Mithali 22:6, "Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee", ni kweli na tuifuate, lakini usimchukue mama ambaye mtoto wake ameharibika ukamwambia basi hukumlea. Utakuwa umetumia neno la hekima kwa upumbavu. Tena Mithali 26:4 inasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na mstari wa 5 unaofuata papo hapo unasema mjibu. Ziko pamoja makusudi ili ujifunze kupima ni wakati gani.

*Ni habari ya mtu?* Hapa ndo pana mtego mkubwa. Siyo kila kilichoandikwa kwamba kilitokea kimeandikwa ili tukiige. Yefta aliweka nadhiri ya haraka kwenye Waamuzi 11 ikamgharimu binti yake, hakuna anayesema tumuige. Sasa mbona Gideoni na ngozi yake ya kondoo kwenye Waamuzi 6, ile aliyoiweka nje usiku akimwomba Mungu ishara, tunamuiga? Soma tena uone, Mungu alishamwambia aende na alishamwambia atakuwa pamoja naye (mstari wa 14 na 16) kabla ya habari ya ngozi. Ngozi ilikuja kwa sababu Gideoni alikuwa na hofu, na Mungu alimvumilia. Unachochukua hapo ni uvumilivu wa Mungu kwa mtu mwoga, siyo njia ya kuchagua mchumba.

*Ni sala au kilio?* Basi kisali. Zaburi 13 inaanza "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo haina cha kutii, ni maneno umepewa ya kumwambia Mungu siku ambayo huna maneno.

Ukishajua ni aina gani, andika kwenye daftari sentensi moja kwa Kiswahili chako cha kila siku: huu mstari ulikuwa unawaambia nini watu wale wa kwanza. Moja tu. Ukishindwa kuiandika bado hujauelewa, rudi hatua ya 2.

4. Tafuta unapokugusa wewe

Sasa chukua lile jambo la kweli uliloliandaa mwanzo uliweke mbele ya mstari. Pitia maeneo haya upesi: nyumbani, kazini au shuleni, pesa, mwili, simu, watu usiowapenda. Hiyo simu usiiache nje. Waefeso 4:29 inayosema neno lililo ovu lisitoke, inahusu na vidole. Watu wanachunga ulimi kanisani halafu wanachoandika kwenye grupu usiku hakisomeki.

Onyo la hapa: kama mtu wa kwanza aliyekujia akilini ni mwingine, "huu mstari ungemfaa sana shemeji", futa uanze upya. Mstari wa wiki hii ni wako wewe.

5. Andika tendo moja: nani, lini, wapi

Hatua ya 5 ndiyo moyo wa kazi nzima. Linganisha hizi:

"Nitakuwa na upendo zaidi." Hii hutaifanya, nakuambia ukweli, manake haina mahali pa kuanzia.

"Jumanne jioni nikifika nyumbani, kabla sijakaa, nitamwomba kaka msamaha kwa yale niliyomwambia mbele ya watoto." Hii unaweza ukaifanya au ukaikwepa, lakini hutaweza kujifanya huijui.

Angalia Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, kwenye Luka 19:8. Hakusema "Bwana, nimebadilika". Alisema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na kama nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Nusu, na mara nne. Ana mpaka mahesabu!

Kama mstari una sehemu zaidi ya moja usichukue nusu. Waefeso 4:28 inasema mwibaji asiibe tena, hiyo ya kwanza. Afanye juhudi akitenda kazi iliyo nzuri kwa mikono yake, ya pili. Apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji, ya tatu. Sasa mtu anayetumia muda wa mwajiri kwa biashara zake binafsi, akiacha tu amefanya theluthi. Zimebaki mbili, ile kazi aifanye kweli, na kwenye mshahara ule atenge kitu cha mtu mwenye shida. Ukiandika tendo la mstari huu andika yote matatu, yanashikana.

Mifano mingine ya haraka ili uone umbo lake:

- Mithali 15:1, "Jawabu la upole hugeuza hasira": wiki hii meseji yoyote ya bosi ikinikera sijibu mpaka nimeisoma mara mbili na kuinuka kwenye kiti.
- Warumi 12:15, "lieni pamoja nao waliao": Jumamosi naenda kwa yule rafiki aliyefiwa, nakaa naye, na sitamhubiria.
- Mathayo 5:23-24: kuna mtu ana neno juu yangu, nampigia simu kabla ya ibada ya Jumapili. Soma vizuri hapo, anayetakiwa kwenda ni wewe unayekumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, siyo umsubiri aje.
- Luka 6:28, "waombeeni wale ambao wawaonea ninyi": kila siku nikiwa njiani kwenda kazini namtaja fulani kwa jina mbele za Mungu, kwa mema.

Tendo liwe dogo la kuweza kufanyika ndani ya wiki. Wengi wanaandika makubwa kwa sababu makubwa yanapendeza kwenye daftari.

6. Uombe mstari huohuo

Geuza maneno yake yawe sala, neno kwa neno ukitaka. Kwa Yakobo 1:19 unaweza kusema "Bwana nifanye mwepesi wa kusikia leo, nipunguzie haraka ya kusema, na huyu mama nitakayeongea naye saa nne unisaidie nimsikilize mpaka amalize." Hii hatua siyo ya kupamba. Yohana 15:5 Yesu anasema "pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lo lote", ukiiruka utabaki na orodha ya maazimio tu na maazimio tunajua yanavyoishia.

7. Uuweke mahali utakapokutana nao

Kariri, ndiyo. Zaburi 119:11, "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi". Andika kwa mkono mara chache, sema kwa sauti, asubuhi na kabla ya kulala. Lakini pia uweke pale tatizo linapotokea: kama shida yako ni matumizi ya pesa weka karatasi kwenye pochi, kama ni maneno kwenye simu weka kwenye skrini. Waisraeli kwenye Kumbukumbu la Torati 6:7 waliambiwa waliongee neno wakiketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiondoka, yaani kwenye shughuli zilezile.

8. Fanya, halafu usiku jiulize

Siku ya tendo ikifika, fanya. Usiku andika mistari miwili au mitatu: nimefanya? nini kilitokea? kesho nini? Usijihukumu wala usijisifu, andika kilichotokea basi. Mwisho wa wiki mwambie yule mtu wako. Na siyo lazima kiwe kikao, hata simu ya dakika tano, "nilisema nitafanya hivi, nimefanya, imekuwa hivi".

Kama tendo halijafanyika, rudia mstari uleule wiki inayofuata. Hakuna anayekufukuza.

Makosa ninayoyaona sana, tafadhali yaepuke

Kumpiga mtu na mstari. Kumbuka Shetani alipomjaribu Yesu jangwani alinukuu Zaburi 91, tena kwa usahihi tu, atakuagizia malaika zake wakuchukue. Yesu akamjibu kwa Kumbukumbu la Torati 6:16, usimjaribu Bwana Mungu wako. Kwa hiyo mtu kunukuu andiko siyo ushahidi kwamba anasema ukweli, na andiko linapimwa na andiko lingine. Waberoya, watu wa mji wa Beroya, kwenye Matendo 17:11 walimsikiliza Paulo mwenyewe na bado wakachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo, na wanasifiwa kwa hilo. Na wewe mchunguze hivyohivyo anayekufundisha, mimi nikiwemo.

"Msihukumu" ya Mathayo 7:1 kufanywa kufuli la mdomo. Ukisoma mpaka mstari wa 5 inasema toa kwanza boriti kwenye jicho lako ndipo utaona vema kukitoa kibanzi kwenye jicho la ndugu yako. Kibanzi kinatolewa. Ila wa kwanza kutolewa kitu ni wewe.

Kuacha dawa kwa sababu ya mstari. Hili nalisema kwa uchungu manake watu wanapoteza maisha. Omba uponyaji, amini, wekewa mikono, na dawa umeze. Paulo aliyetumiwa na Mungu kuponya wengi alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara (1 Timotheo 5:23), na mwenzake Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Hakuna mahali alipowaambia wamekosa imani.

Kumrudisha mtu kwenye kipigo kwa mstari wa kutii. Waefeso 5:22 inasomwa kwa sauti kubwa, 5:25 inayomwambia mume ampende mke kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake, inasomwa kwa sauti ndogo. Kama unapigwa au unatishiwa maisha, toka kwanza uwe mahali salama, tafuta msaada kwa watu na kwa vyombo vya sheria. Kusamehe kunawezekana ukiwa mbali. Daudi alipotupiwa mkuki na mfalme Sauli alikimbia, na alipompata pangoni hakumuua, ila hakurudi kukaa naye mezani.

Ukikwama

*Nimesoma mstari, sijisikii chochote.* Huhitaji kujisikia. Nenda hatua ya 5, andika tendo, lifanye. Mara nyingi moyo unakuja baadaye, na usipokuja bado umetii.

*Sielewi hata baada ya kusoma juu na chini.* Linganisha tafsiri mbili, halafu muulize mchungaji, padri, au mtu aliyesoma zaidi yako. Ikishindikana uweke kando kwa sasa uchukue ulio wazi. Ile iliyo wazi inatosha kutushughulisha miaka mingi.

*Mistari miwili inaonekana kupingana.* Rudi hatua ya 3, uangalie kila mmoja aliambiwa nani na katika hali gani. Paulo akisema mtu hahesabiwi haki kwa matendo anaongea na wanaotaka kujinunulia wokovu, Yakobo akisema imani pasipo matendo imekufa anaongea na wanaomwona ndugu hana nguo wakamwambia tu "enendeni zenu kwa amani". Na Waefeso 2 mstari wa 8 mpaka wa 10 inaviweka pamoja: tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, tukaumbwa ili tutende matendo mema.

*Nimefanya tendo, mwenzangu amekataa.* Umeenda kuomba msamaha ukatukanwa. Soma Warumi 12:18, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote". Upande wako umeufanya. Usiende kumlazimisha na usianze kumsema kwa watu kwamba wewe ulienda na yeye akakataa, hapo utakuwa umefuta ulichofanya. Mwombee tu, mlango uache wazi.

*Ndugu amenikosea mimi, naanzaje?* Mathayo 18:15, "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu". Peke yenu. Siyo kwenye grupu la familia, siyo kwa mafumbo kwenye stetasi, siyo kupitia "ombi la maombi" ambalo ndani yake umeshataja jina na kosa. Akikataa ndipo unachukua mtu mmoja au wawili, mstari wa 16.

*Nimeanguka tena kwenye jambo lilelile.* Siku hiyohiyo, usisubiri Jumapili, fungua 1 Yohana 1:9, "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu". Itaje dhambi kwa jina lake, pokea msamaha, halafu badilisha kitu kimoja kwenye mpango wako: saa, mahali, au mtu uliyekuwa naye. Ukianguka sehemu ileile mara nyingi, tatizo mara nyingi limekaa kwenye mazingira uliyoyaacha vilevile. Mwambie yule mtu wako kabla hajakuuliza, na kama ni jambo limekushika kabisa, ulevi, kamari, picha chafu, usipambane na daftari peke yake, tafuta kiongozi wa kiroho na mshauri anayejua mambo hayo, wote wawili.

*Nina watoto wadogo, hizo dakika 20 sina.* Basi tumia dakika 5 mara nne, na mstari uwe mfupi. Mithali 15:1 ina sentensi moja. Waambie na watoto, wakukumbushe ukipandisha sauti, watakukumbusha kweli.